Riwaya nne za uchawi, familia na msiba: uanze na ipi?

Mtu aliyefiwa akiuliza asome nini, mara nyingi hujibiwa haraka: tafuta riwaya ya faraja, ile yenye uchawi mwepesi, nyumba ya ukoo, chai na keki. Ushauri huo una maana, lakini umeishia njiani. Karibu kila riwaya nzuri ya aina hii ina kifo ndani yake, na faraja inategemea mwandishi amekiweka wapi. Mmoja anakizika kabla ya ukurasa wa kwanza. Mwingine anakuwekea katikati, umeshamzoea na kumpenda yule anayekufa. Aliyempoteza dada yake mwezi uliopita anapaswa kulijua hilo kabla hajafungua kitabu, na jalada halitamwambia.

Vinavyolinganishwa hapa ni vinne: Practical Magic ya Alice Hoffman (1995), Garden Spells ya Sarah Addison Allen (2007), Before the Coffee Gets Cold ya Toshikazu Kawaguchi (Japani 2015, na kwa Kiingereza 2019, tafsiri ya Geoffrey Trousselot) na Under the Whispering Door ya TJ Klune (2021). Tutataja nani anakufa na takriban wapi, kwa sababu bila hivyo huwezi kuchagua. Miisho tumeiacha.

Kifo kimewekwa wapi

Katika Garden Spells kifo kimeshapita. Claire na Sydney Waverley walilelewa na bibi yao katika mji mdogo wa Bascom, North Carolina, baada ya mama yao kuondoka na kuwaacha. Hadithi inapoanza bibi ni marehemu. Claire anaishi peke yake katika nyumba ya ukoo na anajipatia riziki kwa kupikia shughuli za watu, akitumia maua ya bustanini. Sydney anarudi baada ya miaka kumi akiwa na binti yake Bay, mtoto wa miaka mitano. Uchungu wa kitabu hiki ni uchungu wa kuachwa: mama aliondoka kwa nini, na je, dada wawili waliokua bila kupendana wanaweza kuanza upya ukubwani? Hutakutana na kitanda cha hospitali wala jeneza. Kuna kitu kingine cha kuangalia, ambacho wanaopendekeza kitabu hiki husahau kukitaja. Sydney anamkimbia mwanamume aliyekuwa akimpiga, na kumbukumbu za kipigo hicho zinakuja mapema. Kwa mwanamke aliyetoka katika nyumba ya namna hiyo, kitabu hiki laini kinaweza kuwa kigumu kuliko vingine vyote vitatu.

Practical Magic inakupiga mapema, tena bila kukuandaa vya kutosha. Sally na Gillian Owens ni mayatima waliolelewa na shangazi zao wazee huko Massachusetts. Sally anaolewa na Michael, anazaa mabinti wawili, na kabla sehemu ya kwanza haijaisha Michael anakufa kwa ajali ya gari. Sally anakaa mwaka mzima bila kusema. Hoffman anausimulia mwaka huo kwa ufupi, bila kuubembeleza, na kwa maoni yetu ni kati ya kurasa za kweli zaidi kuhusu ujane katika vitabu vyote vinne, kwa sababu haharakishi kumponya mtu. Baadaye kinakuja kifo cha pili cha aina nyingine kabisa. Gillian anafika usiku na gari lenye maiti ya mpenzi wake Jimmy, mtu mkatili, na dada wawili wanamzika nyuma ya nyumba chini ya vichaka vya lilaki. Vichaka vinarefuka kupita kiasi na marehemu hatulii. Waliokutana na hadithi hii kwanza kupitia filamu ya 1998, iliyochezwa na Sandra Bullock na Nicole Kidman, wajue kwamba kitabu ni kizito na kichungu kuliko filamu.

Kawaguchi ana hadithi nne zinazoshikana, na uzito unapanda ngazi kwa ngazi. Ya kwanza ni ya msichana aliyeachwa na mpenzi wake, hakuna anayekufa. Ya pili ni ya muuguzi Kohtake, ambaye mumewe Fusagi ana ugonjwa wa Alzheimer na hamtambui tena. Ya tatu ni ya Hirai, dada mkubwa aliyekimbia biashara ya nyumba ya wageni ya familia yake, akawa anajificha kila mdogo wake Kumi anapokuja kumsihi arudi. Kumi anakufa kwa ajali. Ya nne ni ya Kei, mwenye moyo dhaifu, naye ni mjamzito. Ukiwa umefiwa na ndugu ambaye mlikuwa hamsemezani, hadithi ya tatu itakushika kooni. Unaweza kuiruka ukaenda ya nne, ukaelewa karibu kila kitu, kisha ukairudia baada ya miezi.

Kwa Klune kifo ndicho kitabu chenyewe. Wallace Price, mwanasheria asiye na huruma, anakufa ghafla ofisini kwake kwa maradhi ya moyo, anahudhuria mazishi yake mwenyewe, anaona jinsi waliokuja walivyo wachache, kisha anapelekwa kwenye duka la chai liitwalo Charon's Crossing. Huko Hugo, mtu aliye hai, anawasaidia wafu kukubali kwamba wamekufa kabla hawajavuka. Mwandishi mwenyewe ameweka onyo mwanzoni kwamba kitabu kinazungumzia vifo vya namna mbalimbali, kikiwemo cha kujiua. Onyo hilo lichukuliwe kwa uzito, kwa kuwa kujiua si jambo linalotajwa tu na kupitwa. Mmoja wa wahusika hadithi yake yote imejengwa juu yake. Yumo pia Nancy, mama aliyefiwa na binti yake, ambaye huja dukani mara kwa mara na kukaa kimya. Sura zake ni fupi, na mzazi aliyezika mtoto asizisome akiwa peke yake.

Uchawi unaweza nini, na unakomea wapi

Hapa ndipo riwaya za faraja zinapojengeka au kuporomoka. Uchawi unaoweza kila kitu haumliwazi mfiwa, kwani akifunga kitabu atauliza kwa nini wa kwake hakurudishwa. Waandishi hawa wanne wanalijua hilo. Kila mmoja ameuwekea uchawi wake mpaka.

Mpaka ulio wazi kuliko yote ni wa Kawaguchi. Kuna mgahawa mdogo wa kahawa chini ya ardhi mjini Tokyo, na humo kiti kimoja kinachokurudisha nyuma katika wakati. Masharti yake yanarudiwa mara nyingi: utakutana tu na mtu aliyewahi kufika katika mgahawa huo, lolote utakalofanya huko halitabadilisha ya sasa, hutainuka kwenye kiti, na ni lazima umalize kahawa kabla haijapoa, la sivyo utabaki hapo ukiwa mzuka. Kiti chenyewe kina mwenyewe, mwanamke aliyebaki kwa kosa hilohilo, ambaye anakaa akisoma riwaya na huinuka mara moja tu kwa siku kwenda msalani. Anayejaribu kumwondoa kwa nguvu analaaniwa papo hapo. Kwa hiyo msafiri anakaa akisubiri, kisha Kazu, mhudumu wa mgahawa, anamiminia kahawa kutoka kwenye birika la fedha, mvuke unapanda, na muda ulioupata ni wa kikombe kimoja.

Wasomaji wengi hukwama kwenye sharti la pili. Wanasoma kitabu kizima wakingoja mwandishi alivunje, halivunjiki, na wanafunga kitabu na hasira. Ukisoma Kawaguchi, amini masharti tangu mwanzo. Anachotaka kuonyesha ni mtu akirudi kusikia au kusema neno lililobaki, akijua halitazuia ajali wala ugonjwa, na akirudi bado ana maisha ya kuishi.

Uchawi wa Allen uko jikoni na bustanini. Divai iliyotengenezwa kwa maua ya nyumbani inamfanya mnywaji aone gizani. Mtufaha wa nyuma ya nyumba una tabia ya kurusha matunda yake, na atakayekula tufaha lake ataona tukio kubwa kuliko yote maishani mwake, zuri au baya. Ndiyo sababu Claire huyafukia matufaha hayo badala ya kuyaacha watu wayale. Evanelle, bibi wa miaka 79, hujikuta analazimika kumpa mtu kitu fulani bila kujua sababu, na siku si nyingi kitu hicho kinahitajika. Angalia jinsi karama hizo zilivyo ndogo. Hakuna hata moja inayoshindana na kifo, na zote zinafanya kazi ya kumtunza mtu mwingine. Kama unatafuta uchawi unaotuliza mapigo ya moyo, huu ndio.

Kwa Hoffman uchawi una bei. Wanawake wa mjini hujipenyeza jioni kwenye mlango wa nyuma wa shangazi kutafuta dawa ya mapenzi, na wapatacho si mara zote walichodhani wanakitaka. Sally, aliyeyaona hayo tangu utotoni, anaukataa uchawi na anataka nyumba ya kawaida. Hapa kuna dawa za kunywesha, dalili za kifo, maiti isiyokubali kuoza kimya. Nyumba nyingi za kwetu hazitaki kitabu cha namna hii kisomwe msiba ukiwa mbichi, hasa pale ambapo kifo chenyewe kimeshaanza kuzua minong'ono ya nani kamroga nani. Mahali kama hapo usipeleke Hoffman. Mpelekee mfiwa Kawaguchi, ambaye hana mganga wala kafara, au Allen.

Klune ana tatizo jingine kwa msomaji mwenye dini. Wafu wake wanavuka kwa kupitia mlango ulio kwenye dari ya ghorofa ya juu ya duka la chai, na anayesimamia mambo hayo ni kiumbe aitwaye Meneja. Hakuna hukumu, pepo wala moto kama tulivyofundishwa. Wapo wanaosoma hivyo kama kisa tu na kikawafaa. Wapo wanaotaabika, hasa katika siku ambazo nyumbani kunasomwa hitma au kunafanyika ibada za kumwombea marehemu. Jiulize uko upande gani kabla hujakinunua.

Familia

Hoffman na Allen wanaandika familia ya damu, tena mfumo uleule: dada wawili, mmoja alibaki akawa mwangalifu kupita kiasi, mwingine alikimbia akarudi na matatizo. Ukisoma vyote viwili mfululizo utachoka katikati ya cha pili. Weka kitabu kingine kati yao. Tofauti yao ni halijoto. Dada wa Allen wanagombana na kusuluhishwa na chakula, mtoto na ndugu mzee anayepita kila siku. Dada wa Hoffman wanapendana kwa ukali, na mabinti wa Sally, Antonia na Kylie, wana ugomvi wao wa ujana unaochukua nafasi kubwa. Mama mwenye mabinti wa miaka 13 hadi 16 atajiona humo.

Klune anaandika familia ya kujikusanyia: Hugo, babu yake Nelson ambaye ni mfu lakini hajavuka, Mei anayewaleta wafu na kuoka maandazi, na Apollo, mbwa aliyekufa na bado anamfuata bwana wake. Kati ya Wallace na Hugo kunakua mapenzi ya wanaume wawili, polepole mno kwa kuwa mfu hawezi kumgusa aliye hai. Ikiwa wewe ndiye uliyebaki peke yako na ndugu wa damu wako mbali, mfumo huu unasaidia kuliko hadithi ya dada wanaorudiana, ambayo inaweza kukutonesha kidonda.

Kawaguchi amechanganya. Wateja ni majirani tu, wanajuana kwa vikombe vyao, lakini hadithi zinapozidi kwenda unaona wenye mgahawa na wateja wamekuwa watu wa nyumba moja.

Urefu na ugumu wa lugha

Kurasa hutofautiana kwa toleo, ila kwa makadirio Kawaguchi ana takriban 210, Hoffman na Allen wako kati ya 240 na 300, na Klune anafika 370 hivi. Ukisoma kurasa 25 kwa usiku, Kawaguchi ni usiku tisa na Klune ni kumi na tano. Mfiwa husoma pungufu ya hapo. Akili inateleza, aya moja inarudiwa mara tatu, majina yanasahaulika. Hiyo ndiyo sababu urefu una maana hapa kuliko wakati wa kawaida.

Kiingereza chepesi kuliko vyote ni cha tafsiri ya Kawaguchi. Yeye ni mwandishi wa tamthilia, na kisa hiki kilianzia jukwaani: karibu yote hutokea ndani ya chumba kimoja, kengele ya mlango inalia, mtu anaingia, wanasema. Sentensi ni fupi. Wenye haraka hulalamika kwamba mambo yanarudiwarudiwa, lakini kwa msomaji aliyechoka marudio hayo ni msaada, maana ukikatiza siku tatu hupotei. Ugumu ni majina: Kazu, Kei, Kohtake, Kumi. Yaandike kwenye karatasi pamoja na uhusiano wao, uitumie kama alama ya ukurasa.

Allen ni rahisi pia, isipokuwa majina ya maua. Usisimame kuyatafuta yote; mwandishi mwenyewe hukuambia kila ua linafanya nini. Klune ana mazungumzo mengi na mzaha, ambao hukimbia haraka kuliko Kiingereza cha darasani. Sura zake za kwanza, Wallace akiwa bado mtu asiyependeka, huwafukuza wengi. Zivumilie mpaka afike dukani na kupewa kikombe chake cha kwanza cha chai. Kama hata hapo hujavutwa, kiache.

Hoffman ndiye mgumu. Kitabu kimegawanywa katika sehemu nne ndefu badala ya sura fupi, aya ni ndefu, na msimulizi huhama kutoka moyo wa mtu mmoja hadi mwingine bila kukuarifu. Hakisomeki vizuri kwa dakika kumi kumi kwenye daladala. Kitafutie saa moja kamili.

Ukiwa na msiba mbichi

Kabla ya kununua, pakua sampuli ya bure inayotolewa na maduka ya vitabu vya kielektroniki, ambayo kwa kawaida ni kama sehemu ya kumi ya kitabu. Kwa Allen na Klune sampuli inatosha kukuonyesha sauti ya mwandishi. Kwa Kawaguchi inadanganya kidogo, kwa sababu hadithi ya kwanza ni nyepesi na uzito uko mbele. Kwa Hoffman inaonyesha utoto wa dada hao na si msiba wa Sally. Walioko Ulaya na Amerika Kaskazini wenye kadi ya maktaba ya mji waangalie kwanza kwenye Libby, programu ya simu ya kuazima vitabu vya maktaba. Kuazima kunakuruhusu kurudisha kitabu kisichokufaa bila kujutia pesa.

Soma mchana au jioni mapema. Kosa la kawaida ni kuanza kitabu cha aina hii kitandani saa tano usiku, ukafikia ukurasa mbaya saa sita, kila mtu amelala. Simama mwisho wa sura yenye utulivu, hata kama una hamu ya kuendelea. Kusikiliza kitabu badala ya kusoma kunawafaa ambao macho yamechoka kulia, ila kuna tatizo lake: kwenye karatasi unaweza kuruka nusu ukurasa kwa jicho, kwenye sauti sentensi inakufikia kabla hujajikinga. Kwa hiyo Allen sikiliza ukitaka. Klune na hadithi ya tatu ya Kawaguchi zisome kwa macho.

Mkiwa kikundi, Kawaguchi amejigawa mwenyewe: hadithi moja kwa kila kikao, vikao vinne. Anayejua kwamba mwenzao ana mgonjwa wa kusahau nyumbani amwambie mapema kuhusu ya pili. Msimsomee mfiwa kwa kumshtukiza mkidhani mnamsaidia.

Uchague hivi

Kabla ya arobaini, au ndani ya eda, Garden Spells, isipokuwa kwa yule aliyepitia kipigo cha ndoa. Huyo apewe hadithi ya kwanza ya Kawaguchi peke yake. Nyumba ikishatulia, wageni wameondoka na kimya kimeanza kuuma, Kawaguchi mzima ndiye anayefaa zaidi, hasa kwa mwenye neno alilochelewa kulisema. Anayemuuguza mzazi au mwenzi anayepoteza kumbukumbu asome hadithi ya Kohtake hata kama hasomi nyingine.

Klune mwachie nafasi ya miezi, labda mwaka. Kifo kikiwa cha kujiua, msimpe kabisa mfiwa mpaka akiombe mwenyewe akijua kilichomo. Kwa mtu anayeogopa kifo chake mwenyewe, aliyetoka hospitalini na majibu mabaya kwa mfano, kinaweza kumfungulia mazungumzo ambayo jamaa zake hawathubutu kuyaanza.

Practical Magic ni ya mjane ambaye watu wameanza kumwambia inatosha sasa, na yeye anaona haijatosha. Akiipenda, Hoffman ameandika vitabu vingine vitatu vya ukoo huo kati ya 2017 na 2021. Vyote vinarudi nyuma kabla ya Sally isipokuwa The Book of Magic, ambacho ndicho cha kufungia. Allen naye ana First Frost (2015), inayowakuta Waverley miaka kumi baadaye, Bay akiwa msichana wa sekondari.

Na kama unachotaka ni uchawi na familia bila msiba, hakuna kati ya hivi vinne kinachofaa. Klune huyohuyo ana The House in the Cerulean Sea (2020), ya mkaguzi wa serikali anayetumwa kisiwani kuchunguza nyumba ya mayatima wa ajabu. Anza na hicho, vingine vitakungoja.